Nilivyofuta Kistari Nikahamisha Mbingu

Wapendwa, nimedhalilika. Mchana kweupe, saa nne na nusu, ukumbi umejaa, na mimi nimevaa suti.

Naandika haya nikiwa kwenye kibanda cha chipsi hapa Kasulu. Nimevaa fulana ya shule ya wasichana, mgongoni imeandikwa NETIBOLI. Muuza chipsi ameniangalia mara tatu, hajasema kitu. (Mungu ambariki.)

Kwa wasionijua, mimi ni Ema, mpima ardhi, kituo changu cha kazi ni Kibondo. Ukipita Gwarama au Nyabibuye ukakuta mtu amefumba jicho moja nyuma ya kifaa chenye miguu mitatu, huku wenye mashamba wawili wanagombana pembeni, huyo ni mimi. Miaka minane nachora ramani. Kaskazini juu, mashariki kulia. Niamshe usingizini uniulize mashariki iko wapi, nitanyoosha mkono wa kulia kabla sijafumbua macho.

Hicho ndicho kilichoniponza.

Sasa, hapa Kasulu kuna mwalimu wa fizikia anaitwa Jenista. Niseme tu kwamba nina nia njema naye, na yeye hajakataa. (Hajakubali pia. Amesema "tutaona.") Jenista ana klabu ya wasichana wanaosoma mambo ya anga. Wanatumiwa picha za nyota zilizopigwa na darubini kubwa ya nchi za mbali, wanazichambua kwenye kompyuta. Leo palikuwa na maonyesho ya sayansi, shule kadhaa zimekutana, na klabu mbili za kwanza zinakwenda Kigoma mjini kwenye maonyesho ya mkoa. Kwa wale wasichana hiyo si safari ndogo. Wengi wao hawajawahi kuliona ziwa, na wamezaliwa mkoa huu huu!

Wiki iliyopita laptopu ya shule ikafa. Jenista akanipigia.

"Ema, una laptopu na projekta?"

"Ninazo." (Ningekuwa sina, ningeuza mbuzi.)

"Basi njoo nazo. Na mama atakuwepo. Anatoka Kabanga, amesema anataka akuone kwa macho yake."

Mama mkwe mtarajiwa! Kesho yake nikaenda mnadani kutafuta suti. Nikaipata moja ya mtumba, rangi ya maziwa, imenikaa utadhani fundi alinipima nikiwa tumboni. Muuzaji akaniambia, "Bosi, umekuwa bwana harusi." Nikamwambia, "Bado kidogo."

Leo alfajiri nikatoka Kibondo, saa mbili nipo getini na mzigo wangu. Jenista akanipokea, akaiangalia suti, akaziba mdomo kwa mkono. (Nikadhani amependezwa. Sasa hivi sina uhakika.) Akanipeleka ofisi ya walimu, akanikabidhi flashi.

"Nakili kila kitu kilichomo. Fungua picha, uone kama inaonekana vizuri ukutani. Basi. Usiguse kitu kingine chochote."

"Sasa mimi niguse nini?"

Haya ni maneno ya mtu ambaye nusu saa baadaye atagusa.

Akaenda ukumbini kupanga viti. Nikabaki na chai ya rangi, sahani ya mihogo ya kuchemsha, na kiherehere changu.

Nikanakili. Nikafungua picha. Nyota zimejaa kama mtu kamwaga chumvi kwenye kaniki. Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu na heshima zake. Lakini muda ulikuwepo, na chai bado ya moto. Nikaona ngoja nichungulie faili lina nini ndani.

Niwaeleze kidogo, msije mkasema nawaficha. Faili la picha za anga si kama picha ya simu. Mwanzoni kabisa, kabla ya picha yenyewe, kuna mistari ya maandishi inayoieleza: picha ina upana gani, urefu gani, katikati yake ni sehemu gani ya anga, na ukisogea kidoti kimoja kwenda kulia au kwenda juu unakuwa umeelekea wapi. Yaani ni kama maelezo ya pembeni ya ramani. Ramani tena! Kazi yangu! Nikavuta kiti.

Nikaanza kusoma kwa sauti ya kitaalamu, peke yangu. Vidoti vinahesabiwa kuanzia kona ya chini kushoto. "Safi," nikasema, "wamepatia." Ukipanda juu unakwenda kaskazini. "Safi tena." Ukienda kulia...

Mbele ya ile namba palikuwa na kistari. Alama ya kutoa.

Nikasogeza uso karibu nikidhani ni uchafu wa kioo. Nikafuta kwa kidole. Hakitoki. Alama ya kutoa kweli. Yaani kwa mujibu wa faili hili, ukienda kulia, mashariki inapungua. Unakwenda magharibi. Mashariki iko kushoto!

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mashariki kushoto! Hata mtoto wa darasa la nne hafanyi hivyo. Nikajua tu, kidole cha mwanafunzi kimeteleza. Nikawaza majaji wakiligundua hilo. Nikamwona Jenista akiaibika mbele ya mama yake mzazi. Halafu nikajiona mimi, mwanaume wa suti, niliyeokoa jahazi kimyakimya.

Nikafuta kile kistari. Nikahifadhi.

Nikaifungua picha tena. Ile ile. Hakuna nyota iliyosogea hata nywele. Nikasema, unaona, hakuna madhara. Na ili mambo yawe sawa kila mahali, nikaliweka faili langu lililonyooka hata kwenye flashi, juu ya lile la kwao. (Sikubakiza ushahidi. Wezi wanisome.)

Jenista sikumwambia. Nilipanga kumwambia baada ya ushindi, mama akiwa karibu, kwa unyenyekevu.

Saa nne tukaingia ukumbini. Jana mvua ilinyesha, na wanafunzi wa shule zote wameingia na lile tope letu jekundu kwenye viatu. Sakafu imekuwa kama shamba lililopaliliwa. Nikapita kwa kunyata hadi mbele, ambako mama yake Jenista amekaa kiti cha kwanza, kitenge kipya, mkoba mapajani. Nikainama, nikapiga makofi ya salamu kama tulivyolelewa.

"Mwakeye, mama."

"Mwakeye." Akaniangalia kuanzia mabegani hadi kwenye viatu, taratibu, kama anakagua maharage. "Hii nguo nyeupe, mwanangu, hukujua kwamba unakuja Kasulu?"

Nikacheka. Hakucheka.

Zamu ya klabu ya Jenista ikafika. Akasimama binti wa kidato cha tatu anaitwa Butoyi. Ni pacha mdogo, kama jina linavyosema, na umbo pia dogo, lakini sauti yake ingetosha kuwaita ng'ombe kutoka ng'ambo ya Malagarasi. Hakushika karatasi.

"Waheshimiwa majaji, nyota zina majina na anwani. Sisi tumeandika programu inayochukua anwani ya kila nyota kutoka kwenye orodha, inasoma maelezo ya faili, halafu inaliweka jina juu ya nyota yake. Hatukuyapachika kwa mkono. Kompyuta inayaweka yenyewe. Tazameni."

Akabonyeza.

Majina yakatokea ukutani. Na hakuna lililokaa juu ya nyota! La katikati kabisa tu ndilo lililopatia. Mengine yote yameangukia kwenye giza tupu. Jina la nyota kubwa kuliko zote liko huku kulia, linaelea peke yake, na nyota yenyewe iko kule kushoto, inang'aa bila jina, kama mgeni wa harusi aliyekosa meza.

Jaji mkuu alikuwa mama mmoja mwalimu mstaafu, miwani kwenye ncha ya pua. Akaegemea mbele.

"Binti, nyota yako iko wapi?"

"Ipo pale, madam."

"Na jina lake?"

"Lipo... kule."

"Sasa hilo jina hapo lilipo, ni la nani?"

Wavulana wa shule nyingine wakaangua kicheko. Butoyi akabonyeza tena. Vile vile. Akabonyeza mara ya tatu. Vile vile.

"Madam, jana ilikuwa sawa. Naapa."

"Jana hatukuwepo," jaji akasema, akaandika kitu. Niliisikia ile kalamu inavyokwaruza.

Jenista akawageukia wasichana wake kwa sauti ya chini. "Nani ameligusa faili?" Wakaangaliana. Mmoja akasema, "Madam, flashi jana ililala kwa Scola." Huyo Scola, binti mpole mwenye sweta lililokatika kiwiko, akafungua mdomo ajitetee. Yakatoka machozi badala ya maneno.

Na mimi nipo pembeni ya projekta. Jasho limeanzia kisogoni, linashuka ndani ya suti kama maji ya mfereji.

Kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa. Sikuelewa kwa nini, ila nilielewa nani. Picha nzima iko sawa, majina ndiyo yamegeuka, ya kulia yako kushoto na ya kushoto yako kulia. Kile kistari!

Niwe mkweli kwenu. Nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria hata kusema ni virusi. Mama mkwe yupo mita mbili, suti bado safi, hakuna anayejua. Lakini Scola alikuwa anajifuta kamasi kwa lile sweta, na wavulana wanamnyooshea kidole.

Nikanyoosha mkono.

"Samahani. Ni mimi."

Jenista akageuka polepole sana.

"Huyu binti hajafanya kitu. Mimi ndiye niliyefuta alama ya kutoa kwenye faili, leo asubuhi."

Ningekaa chini hapo hapo, kisa kingeishia pazuri. Mtu mzima kakosa, kakiri, makofi mawili matatu. Lakini mdomo wangu haujui kukaa. Nikaendelea!

"Ila naomba ieleweke kwamba nilikuwa nasahihisha. Faili lilisema mashariki iko kushoto. Mimi ni mpima ardhi, waheshimiwa. Miaka minane. Mashariki haiwezi kuwa kushoto. Hata mtoto wa darasa la nne..."

Nikaona Butoyi amefumba macho, kama mtu anayeomba uvumilivu kwa Mungu.

"Anko," akasema, "kile kistari kiliwekwa makusudi. Picha zote za anga ziko hivyo ukiweka kaskazini juu."

"Haiwezekani," nikasema. (Nikasema! Kwa kujiamini!)

Akamgeukia jaji. "Madam, naomba dakika mbili nimwonyeshe."

"Mwonyeshe," jaji akasema, na kwa mara ya kwanza akaisukuma miwani juu ya pua.

"Anko, naomba ulale chini."

"Nilale wapi?"

"Hapo ulipo. Kifudifudi. Kichwa kielekee ubaoni, huko ni kaskazini."

Nikaangalia sakafu. Nikaangalia suti. Nikamwangalia Jenista, nikitafuta huruma. Akanionyesha sakafu kwa kidevu.

Nikalala. Wapendwa, nikalala kifudifudi kwenye tope jekundu, suti rangi ya maziwa, pua iko hatua mbili kutoka kwenye viatu vya mama mkwe. Nikasikia simu zinapiga picha, ka! ka! ka!

"Unaona nini, anko?"

"Sakafu."

"Madirisha yanayoingiza jua, upande wa mashariki, yako mkono gani?"

"Kulia." Nikapata nguvu kidogo. "Si nilisema? Kulia!"

"Ndiyo ramani yako hiyo. Wewe kazi yako ni kuangalia chini. Sasa geuka. Lala chali, kichwa kibaki huko huko."

"Nigeuke?"

"Chali, anko."

Nikageuka. Mbele palikuwa pameshaharibika, sasa na nyuma nako.

"Unaona nini?"

"Bati."

"Juu ya hilo bati ndiko ziliko nyota. Haya, mashariki iko mkono gani?"

Mkono wangu wa kulia ukanyanyuka wenyewe. Sikuutuma. Ukanyooka moja kwa moja kuelekea kwa wale wavulana, walioketi upande wa magharibi, na mmoja wao akanipungia.

Nikageuza shingo kutafuta madirisha ya jua. Yalikuwa upande wa pili.

"Kushoto," nikanong'ona.

"Sema kwa nguvu, anko, majaji wasikie."

"KUSHOTO!"

Ukumbi ulilipuka. Kuna mwalimu mmoja alitoka nje akishikilia ukuta. Na hapo chini nilipolala, naapa, nilielewa kitu ambacho miaka yote sikuwahi kukiwaza. Ardhi unaitazama kwa juu, anga unalitazama kwa chini. Ni kama kanga, ukiisoma kwa nyuma maandishi yanageuka. Basi! Ni hivyo tu! Wala si elimu kubwa! Butoyi akaiambia hadhira, "Ndiyo maana namba ya mhimili wa mlalo ina alama ya kutoa. Ukiiondoa, programu inadhani unaangalia chini, inayapeleka majina upande usio wake."

Akarudisha kistari. Herufi moja. Akabonyeza.

Yale majina yakatua, kila moja juu ya nyota yake, kama kuku wameingia bandani. Makofi yalipigwa mpaka bati likatetemeka. Mimi nilikuwa bado chali. Hakuna aliyeniambia niamke.

Matokeo yakasomwa saa sita. Klabu ya Jenista imeshika nafasi ya pili. Wanakwenda Kigoma! Wasichana walipiga vigelegele, Scola alirukaruka hadi sweta likakatika kiwiko cha pili. Nilimfuata nikamnunulia soda na kumwomba msamaha. Soda ameipokea. Msamaha amesema anaufikiria.

Jaji akaniita pembeni. "Kijana, alama zao za vielelezo zilikuwa za juu kuliko zote. Kigoma waende na wewe."

Nikamkimbilia Butoyi. "Butoyi, mdogo wangu, tusikilizane. Mnaweza kutumia mdoli. Nitawanunulia mkubwa."

Akanitazama kwa upole kabisa. "Mdoli habishi, anko. Tunahitaji mtu anayebisha kwanza."

Jenista alinikuta bombani nyuma ya jiko la shule, najaribu kuosha suti. Tope la Kasulu mnalijua. Ndipo akaniletea hii fulana ya netiboli. Akasimama, mikono kiunoni.

"Nilikuambia usiguse kitu."

"Nilijua nasaidia."

"Kuniuliza kulikuwa na gharama gani?"

"Nilitaka iwe ya kukushangaza."

"Umenishangaza, Ema." Halafu akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Nami nikacheka, nifanyeje?

Mama yake akatukuta hivyo hivyo, binti yupo kwenye ndoo, mkwe mtarajiwa yupo na fulana ya netiboli. Nikainama nimuage. Akamgeukia Jenista kama mimi sipo.

"Ego, ndiyo, nimemwona. Mtu aliyeona mtoto analia akasimama akasema ni mimi, huyo ana moyo. Mlete nyumbani Jumapili ale." Akaupandisha mkoba begani. "Ila akija asiguse redio yangu."

Basi ndiyo habari ya leo. Jumapili naenda Kabanga, na mikono yangu nitaikalia. Baada ya hapo naenda Kigoma kulala chini rasmi, mbele ya mkoa mzima.

Naomba tu jambo moja, wapendwa. Kucheka mcheke, siwazuii. Lakini zile picha acheni kunitumia. Nimeshatumiwa mara sita na saa tisa haijafika, na ya sita imetoka kwa bosi wangu Kibondo, ile niliyolala kifudifudi, chini ameandika, "Hapo unapima nini?"